Mwongozo wa familia: Mahali pa kuwapeleka watoto Kisumu na kandokando ya ziwa

JIJI la Kisumu lilizaliwa kutokana na kazi. Reli ya Uganda ilipofika kwenye ghuba ya Winam mnamo Desemba 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence, mkewe Ronald Preston, mmoja wa wasimamizi wa ujenzi wa reli hiyo.

Tangu hapo watu wamefuata bandari, karakana za reli, viwanda vya samaki na vya pombe, na sukari inayotokana na miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni. Baadhi ya viwanda vilikufa, kama kile cha nguo cha KICOMI kilichofungwa katika miaka ya 1990. Vingine vilifungwa na kufufuka, kama kile cha bia kilichosimamisha kazi 2004 na kufunguliwa tena 2019.

Mitaa kama Kaloleni, iliyo karibu na Shauri Moyo na si mbali na soko la Kibuye, inakaliwa na familia za watu wanaotegemea kazi hizo: wafanyakazi, mafundi na wachuuzi. Kwa wengi wao ziwa ni mahali pa kutafutia riziki tu, nayo mambo ya hifadhi, makumbusho na visiwa huachiwa watalii kutoka mbali.

Matokeo yake ni kwamba mtoto anaweza kukulia kilomita chache kutoka Ziwa Victoria bila kuketi ndani ya mashua hata mara moja, wala kujua jina la ndege anayemwona kila asubuhi.

Si lazima iwe hivyo. Sehemu nyingi zinazofaa familia zinafikika kwa tuktuk au matatu, na safari huisha siku hiyo hiyo. Makala haya yanazieleza kwa kufuata umbali, kuanzia zilizo karibu kabisa na Kaloleni hadi zile zinazohitaji siku nzima. Mwishoni mna maelezo kuhusu usalama majini, jambo ambalo mzazi hapaswi kulipuuza.

KATIKATI YA JIJI

Matembezi ya kwanza hayahitaji nauli. Soko la Kibuye ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika eneo lote la ziwa, na Jumapili ndiyo siku yake kuu. Hapo mtoto ataona samaki wakavu, vyungu, fanicha za mafundi wa jua kali na marundo ya mitumba. Mpe pesa kidogo umwache anunue kitu mwenyewe, naye atajifunza hesabu na adabu ya kupatana bei kwa wakati mmoja.

Kutoka hapo familia inaweza kuteremka hadi barabara ya Oginga Odinga, ulipo mnara wa saa uliozinduliwa 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, mfanyabiashara kutoka Bara Hindi. Mnara huo humkumbusha mtoto kwamba mji huu ulijengwa na watu wa asili nyingi, wakiwemo Wajaluo wenyeji, Wahindi, Waswahili na Wanubi.

Chini kabisa, barabara inapoelekea ziwani, kuna stesheni na bandari. Meli za kwanza za mvuke zililetwa kutoka Uingereza vipande vipande na kuunganishwa hapa. Baadaye ikaja MV Uhuru, meli iliyotengenezwa katika miaka ya 1960 ili kubeba mabehewa ya treni hadi upande wa pili wa ziwa. Bandari ni eneo la ulinzi, hivyo usimwingize mtoto bila kibali. Hata hivyo, kisa cha meli inayobeba treni kinatosha kumfanya aulize maswali njia nzima.

MAKUMBUSHO YA KISUMU

Makumbusho haya yako kando ya barabara ya Nairobi, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Yalifunguliwa 1980 na yanasimamiwa na Idara ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Watoto wadogo hukimbilia kwanza kwa nyoka, mamba na kobe. Baada ya hapo waelekeze kwenye matangi ya samaki, kwa sababu humo mna hadithi ya ziwa lenyewe. Watamwona ngege, ambaye wengi wamemzoea akiwa kwenye sahani tu. Mkiwa hapo waeleze habari za sangara, anayejulikana huku kama mbuta, ambaye si mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, na ingawa ameleta biashara kubwa ya viwanda vya samaki, amechangia kuangamiza aina nyingi za samaki wadogo wanaoitwa furu.

Sehemu yenye mafunzo zaidi ni boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Linaonyesha makao ya mume mwenye wake watatu. Nyumba ya mke wa kwanza, yaani mikayi, hutazamana na lango. Nyumba ya mke wa pili, nyachira, huwa upande mmoja, na ya mke wa tatu, reru, upande wa pili. Karibu na lango kuna nyumba ya kijana wa kiume, iitwayo simba, na kwingineko kuna maghala ya nafaka na mazizi.

Kwa mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya kupanga, ramani hii ya boma ni somo la ukoo ambalo shule haina nafasi ya kulifundisha. Likumbuke neno mikayi, kwani litarudi katika safari ya baadaye. Tenga saa mbili au tatu kwa ziara hii.

HIFADHI YA IMPALA NA HIPPO POINT

Kiasi cha kilomita tatu kutoka katikati ya jiji, ufuoni mwa ziwa, kuna hifadhi ndogo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ilitangazwa rasmi 1992 ili kuwalinda swala pala waliokuwa wamesalia katika eneo hilo. Ukubwa wake haufiki hata nusu ya kilomita mraba, na udogo huo ni faida kwa familia: mtoto wa miaka minne anaweza kuizunguka kwa miguu bila kubebwa.

Swala hutembea huru, na tumbili vilevile. Wanyama hatari, kama simba, chui na fisi, hufungiwa. Tahadhari moja: tumbili ni wezi hodari. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa, na mtoto asiwape chochote. Tumbili aliyezoea kulishwa hugeuka mkali kwa mgeni anayekuja mikono mitupu.

Mbele kidogo ya hifadhi ni Hippo Point, ambako wengi huenda kutazama jua likizama ziwani. Kisumu iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo saa za machweo hazibadiliki sana mwaka mzima. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, nawe hutalikosa. Licha ya jina la mahali hapo, viboko hawaonekani kila siku, na mzazi asimwahidi mtoto jambo asiloweza kulitimiza.

UFUO WA DUNGA

Dunga ni kijiji cha wavuvi kusini mwa jiji, na pengine ndipo mahali panapofaa zaidi kumtambulisha mtoto kwa ziwa. Asubuhi mashua hurudi na samaki, akina mama huwapokea na kupatana bei, na biashara yote hufanyika mbele ya macho ya mgeni.

Kando ya ufuo kuna kinamasi cha mafunjo. Mmea huu huchuja tope na uchafu kabla maji hayajafika ziwani, na samaki wengi huzalia kwenye mizizi yake. Ndani ya kinamasi hicho huishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kutembea kwenye tope bila kuzama. Ni mwenye haya, na bahati ya kumwona ni ndogo.

Ndege ndio wanaoonekana kwa urahisi. Yupo mmoja mweusi mgongoni, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye hupatikana kwenye mafunjo tu. Mafunjo yakikatwa yote au kuchomwa, naye hana pengine pa kwenda. Wapo vijana wa kijiji wanaowaongoza wageni na wanaowajua ndege hawa kwa sauti zao, na ada anayolipwa kiongozi ni sababu mojawapo ya kinamasi kuendelea kuwa na thamani kikiwa hai.

Baada ya matembezi, chakula ni samaki mzima wa kukaanga au wa mchuzi, pamoja na ugali na mboga. Kwa watoto wadogo omba samaki mkubwa, ambaye miba yake huonekana na kuondolewa kwa urahisi.

KIT MIKAYI NA IKWETA

Ukishika barabara ya Busia utafika Kisian, ambako njia hugawanyika. Ile ya kushoto huelekea Bondo, na kiasi cha kilomita 29 kutoka Kisumu, katika eneo la Seme, utaona mawe makubwa yaliyopandiana hadi kufikia urefu wa mita 40 hivi. Hilo ndilo Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza.

Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba palikuwa na mzee aliyeitwa Ngeso, aliyelipenda jiwe hilo kupita kiasi. Kila asubuhi aliingia katika pango lake na kushinda humo, mkewe akimpelekea chakula. Watu walipomuuliza mama huyo alikokwenda mumewe, alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Mtoto aliyekwisha kuliona boma la makumbusho atauelewa mzaha huo bila kufafanuliwa.

Mahali hapa pia ni pa ibada. Waumini, hasa wa Legio Maria, huja kufunga na kusali. Familia inaombwa kutopiga kelele karibu nao na kutowapiga picha bila ruhusa. Viatu vya raba vinafaa zaidi, kwani kuna kupanda na kupenya kati ya mawe.

Ukifuata njia ya pili kutoka Kisian utafika Maseno, ambako kibao cha barabarani huonyesha mstari wa ikweta. Ni nafasi ya kumweka mtoto mguu mmoja kaskazini mwa dunia na mwingine kusini. Katika maeneo mengi ya ikweta wapo wanaowaonyesha wageni maji yakizunguka kwenye beseni kwa upande tofauti kila wanapovuka mstari. Ni mchezo wa kufurahisha, lakini hauthibitishi lolote. Nguvu ya mzunguko wa dunia katika beseni ni ndogo mno, na upande maji yanakozunguka hutegemea jinsi yalivyomiminwa.

KISIWA CHA NDERE

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Ndere ilianzishwa 1986 na ina ukubwa wa kilomita mraba 4.2. Jina hilo kwa Kijaluo lina maana ya mahali pa kukutania. Njia fupi ni kwenda kwa gari hadi ufuo wa Kaloka, Seme, kisha kuvuka kwa mashua. Unaweza pia kusafiri kwa maji kutoka Kisumu, lakini safari hiyo ni ndefu zaidi na haiwafai watoto wachanga.

Kisiwani kuna swala pala, punda milia na ndege wengi, akiwemo furukombe, ambaye mlio wake husikika hata kabla hujamwona. Viboko na mamba wamo katika maji yanayokizunguka, kwa hivyo matembezi yafanywe kwa kufuata maelekezo ya askari wa wanyamapori. Beba maji ya kunywa na chakula, na usitegemee kupata duka.

SAFARI ZA SIKU NZIMA

Familia yenye watoto wakubwa kidogo inaweza kwenda mbali zaidi. Karibu na Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi ambalo heroe hulitembelea. Hadithi yake ni ya kijiji kilichomfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku wa sherehe. Ni mwanamke mmoja tu aliyemkirimu. Mvua ilinyesha, kijiji kikazama, akaokoka yule mkarimu. Ni hadithi ya kusimuliwa hapo hapo ukingoni, mtoto akiyatazama maji.

Kaskazini, umbali wa kilomita 50 hivi, ni Kakamega. Kabla ya kufika mjini, kando ya barabara, kuna jiwe la Ilesi ambalo maji hulitiririka kama machozi. Msitu wa Kakamega nao ni mabaki ya misitu ya mvua iliyowahi kuenea kutoka Afrika ya Kati. Mbega weusi kwa weupe huonekana wakiruka juu ya miti, na njia za miguu zinawafaa watoto waliozoea kutembea.

Wapenda historia wanaweza kwenda Kang'o ka Jaramogi, Bondo, alikozikwa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, aliyefariki 1994. Mwanawe Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2008 hadi 2013, alizikwa papo hapo mnamo Oktoba 2025. Hayo ni makaburi ya familia, na mgeni huenda kwa heshima ya anayeingia msibani.

Mbali zaidi, katika kaunti ya Migori, kuna Thimlich Ohinga, makazi ya kale yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambazo mahali pengine zinazidi mita nne kwenda juu. Shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia 2018. Safari hii ni ndefu kwa kwenda na kurudi siku moja, na inafaa zaidi wakati wa likizo.

USALAMA MAJINI

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita mraba 68,000, na utulivu wake wa asubuhi humdanganya mgeni. Kwa kawaida upepo huanza kuvuma mchana, na dhoruba za jioni huja ghafla. Safari ya mashua na watoto ifanywe asubuhi, na iwe imekwisha kabla ya saa sita.

Kabla ya kulipa, omba kuziona jaketi za kuokoa maisha. Kila mtoto avae ya kimo chake, ikiwa imefungwa, tangu anapokanyaga mashua hadi anaposhuka. Jaketi ya mtu mzima humchomoka mtoto anapotumbukia majini. Nahodha akisema ziwa ni shwari na jaketi hazihitajiki, tafuta mashua nyingine. Nahodha akisema siku hiyo haendi kwa sababu ya upepo, mshukuru.

Uliza pia kuhusu gugu maji. Mmea huu umelisumbua ghuba la Winam tangu miaka ya 1990, na upepo unaweza kuusukuma hadi ukaifunga njia ya kurudi ufuoni.

Kuogelea ufuoni hakushauriwi. Zaidi ya mamba na viboko kuna kichocho, ugonjwa unaoletwa na vijidudu wanaoishi ndani ya konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani. Vijidudu hao hupenya kwenye ngozi, hata ya mtu anayecheza tu ukingoni. Mtoto aliyeingia majini, kisha baada ya wiki au miezi akalalamika tumbo au akatoa choo chenye damu, apelekwe hospitalini, kwani dawa ipo na hutibu. Anayetaka kuogelea apelekwe kwenye bwawa la hoteli.

Kuhusu viboko, kumbuka kwamba hutoka majini usiku kula nyasi na kurudi alfajiri. Hatari kubwa ni kusimama kati ya kiboko na maji. Giza linapoingia, familia iwe imekwisha kuondoka ufuoni.

GHARAMA NA WAKATI

Viingilio vya makumbusho na vya KWS hubadilika mara kwa mara, lakini raia hulipa kidogo kuliko wageni, na watoto kidogo kuliko watu wazima. Malipo hupitia eCitizen, hivyo fungua akaunti na kulipia ukiwa nyumbani, na ubebe vitambulisho. Kwa vijiji kama Dunga, patana bei ya mashua na ya kiongozi kabla ya kuondoka, kwa mashua nzima wala si kwa kila kichwa.

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo barabara za udongo huharibika na ufuo huweza kufunikwa. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kiwango cha juu cha 1964, na sehemu za ufuo wa Kisumu zilifurika. Piga simu kabla ya kusafiri wakati wa mvua.

Kwa familia inayoanza, ratiba rahisi ni hii: Jumamosi ya kwanza makumbusho, ya pili Hifadhi ya Impala na machweo, ya tatu Dunga asubuhi. Kit Mikayi na Maseno ziwekwe wakati wa likizo, na Ndere baada ya watoto kuzoea mashua fupi.

Maeneo haya hayatadumu kwa fedha za watalii peke yake. Kinamasi kinachotembelewa na wenyeji hupata watetezi pale mtu anapotaka kukifukia, na boma la makumbusho linaloonekana na watoto wa mtaani halisahauliki. Mtoto wa Kaloleni akishajua nzohe anaishi wapi na mikayi ni nani, atakuwa na sababu ya kuuliza, siku vitu hivyo vitakapokuwa hatarini, ni nani aliyeruhusu.